Chupa ya Mwalimu Parushev

Ifikapo tarehe 30 Septemba, Mwalimu Ognyan Parushev atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja katika chuo chetu cha ujenzi hapa Ruse. Anastaafu akiwa amechoka, wala hafichi. Ameomba sherehe iwe fupi, maana magoti hayamruhusu kusimama.

Miaka kumi na minne ya mwanzo alifundisha zege. Kisha aliwapeleka wanafunzi kutazama maghorofa ya zamani yakibomolewa, akawauliza kifusi kile kitakwenda wapi. Hakuna aliyejua, naye hakujua. Tangu hapo alifundisha kitu kingine: kuchukua maganda ya alizeti yanayotupwa na viwanda vya mafuta, kuyachemsha, kuyachanganya na nyuzi za uyoga na kuyashindilia katika kalibu. Nyuzi hula maganda na kuyashikamanisha, kisha tofali huokwa ili nyuzi zife. Ni tofali jepesi, linalozuia baridi, na likichakaa hurudi shambani. Sisi wenzake tulimwita "mpishi". Aliitika.

Vuli moja wanafunzi walikuwa wakikuza matofali mia mbili na arobaini ya kukinga baridi katika shule ya chekechea. Bi Ginka, mhudumu wetu, aliona kabichi yake, aliyoitia kwenye pipa la maji ya chumvi ili ichachuke, haichachuki kwa baridi ya stoo, akalisukuma pipa hadi chumba cha kukuzia nyuzi, chenye joto la kadiri. Kila siku ya pili alikinga maji ya chumvi chini ya pipa na kuyamimina tena juu, kama kila nyumba hapa inavyofanya. Baada ya wiki moja matofali yote yalikuwa kijani kwa kuvu iliyoingia na pipa.

"Bi Ginka, umeniua," alisema Mwalimu, akaketi juu ya ndoo.

"Mwalimu nawe, tofali la uyoga nani atalila? Kabichi angalau tutakula."

Wakaila majira yote ya baridi, huku wakianza upya. Chekechea ilipata kuta zake mwezi Machi. Bi Ginka akawa mlinzi wa mlango wa chumba cha nyuzi: "Uwe mkuu wa chuo, uwe nani, nawa mikono kwanza."

Sasa imebaki chupa moja. Ndani yake mna mbegu ya nyuzi ambayo Mwalimu ameilisha kila mwezi kwa miaka kumi na saba. Wakati wa likizo huiweka kwenye friji nyumbani, kando ya mtindi wa mkewe. Asipopatikana wa kuilisha, itakufa kabla ya Krismasi, na somo litakwenda nayo. Tangu Mei ameuliza nani atashika nafasi yake. Ameambiwa suala linaangaliwa. Nimeishi katika nchi zaidi ya moja, na maneno hayo nimeyasikia kwa kila lugha.

Jana hakuuliza tena. Alishuka ngazi polepole, akamnyooshea Bi Ginka ile chupa. Bi Ginka aliitazama, akaenda kwanza kwenye sinki, akarudi maji yakimdondoka viganjani, akaipokea.

"Kulisha nitalisha," alisema. "Kufundisha, watafute mtu."

Asante, Mwalimu, kwa kila aliyetoka mikononi mwako akijua kuuliza kifusi kitakwenda wapi. Kaa chini sasa. Tunakutakia siku nyingi za utulivu, na magoti yasiyouma. Chupa inalishwa.