Papa Twahiri na Kabati Lenye Ndimi Saba

Tarehe 30 Juni, Papa Twahiri Kalunga, fundi wa studio yetu ya Kataki, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa. Aliingia akirekebisha kaseti zilizosokotana, anatoka akiwa bado hajamruhusu mtu kugusa bisibisi yake.

Lakini wengi watamkumbuka kwa lile kabati. Miaka mingi iliyopita, kipindupindu kilikuwa kimeingia Manono, na muuguzi wetu, Mama Rosine, alikuwa amerekodi somo la kutibu maji. Huko mtandao haukupitisha video, na pikipiki za kupeleka diski zilikuwa zinaondoka kesho yake asubuhi. Kompyuta yetu ilichoma diski moja moja, kwa uvivu wa kiofisi.

Papa Twahiri akachomoa vichomeo saba vya diski kwenye kompyuta zilizokufa, akavipanga ndani ya kabati la sahani la mke wake, Mama Mouna, bila kumwuliza. Vikiwaka, ndimi saba, yaani visahani vya kuwekea diski, zilitoka pamoja. Mimi nilipewa kazi ya kupepea kwa kipande cha karatoni ili visipate joto, na hata hapo niliambiwa napepea vibaya.

Duru ya kwanza ilienda vizuri. Ya pili, umeme ukashuka ghafla, diski zote saba zikaharibika. Papa Twahiri akatoka mbio hadi kwa Mama Daniella, mshonaji wa parsele yetu, ua ule ule wenye studio, aliyekuwa ananyoosha kwa pasi ya umeme.

"Mama, chomoa pasi! Watu ya Manono wanakunywa maji mabaya!"

"Na bibi-arusi wangu je, Papa? Aolewe na makunyanzi?"

Wakaelewana hivi: pasi ya makaa, na Papa Twahiri mwenyewe anyooshe. Basi fundi wetu mkuu akapiga magoti kupuliza makaa, akanyoosha gauni jeupe, huku kabati likichoma diski bila kusumbuliwa. Asubuhi karatoni ya diski ilifungwa kwenye pikipiki, imejaa. Tangu hapo, kabati likiwaka, parsele nzima hunyoosha kwa makaa.

Mwaka jana muuguzi wa Manono alitufikia na diski moja iliyokwaruzika hadi haisomi. Aliomba nyingine, ingawa, alisema, kijijini kwake akina mama wanalijua somo lote kwa kichwa na wanawafundisha wakwe zao.

Papa Twahiri, kuna watu wazima huko, waliokuwa watoto wakati ule, ambao wako hai kwa ajili ya kabati lako na hawatajua jina lako kamwe. Sisi tunalijua. Asante sana, Papa. Nenda ukapumzike, ule vizuri, na miaka yako ijayo iwe na umeme wa kutosha.