Wigand wa Ebersrode, Aliyeihamishia Nyumba Yake Kilimani

Padri wetu, majirani wa Ebersrode, mafundi mliotembea tangu alfajiri na matope ya mto Werra mpaka magotini, familia inaomba utulivu wenu mumsikie Wigand mwana wa Ditmar alivyoishi, nasi hatutarefusha, maana yeye mwenyewe hakupenda porojo, na aliyemletea porojo kazini alikabidhiwa upande wa pili wa msumeno.

Marehemu alizaliwa hapahapa siku ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, mwaka 1341, mtoto wa pili wa Ditmar mchoma mkaa na Bi Kunne, na tauni ya mwaka 1350 ilipowachukua wazazi wote wawili akalelewa na mjomba wake Mertin, fundi wa nyumba za boriti, ambaye hakumpeleka shule nyingine ila kiwanja cha kuungia boriti, akajifunza kuchonga mwaloni ungali mbichi, kutoboa kwa keekee, kuingiza ulimi wa boriti katika tundu lake na kuubana kwa kigingi cha mti, bila msumari hata mmoja wa chuma. Alianza kujitegemea mwaka 1362, na nyumba alizosimamisha hatuna haja ya kuzitaja, kwa kuwa wengi wenu mmeamkia ndani yake leo.

Alifunga ndoa na dada yetu Jutta Jumatatu ya Pasaka mwaka 1365, wakajaliwa watoto wanne, wawili wakatangulia mbele za haki, wakabaki Gele na Henne, na mwaka uleule wa ndoa akamjengea mkewe nyumba kule chini kijitoni, kwenye kiwanja cha abasia, na hapo, ndugu zangu, ndipo fundi wetu alipokosea. Mnajua kwamba nyumba huungwa kwanza ikiwa imelala kiwanjani, kisha kila ulimi na tundu lake hukatwa alama moja kwa patasi, ili ikifunguliwa na kusimamishwa kila boriti irudi kwa mwenziwe, lakini nyumba yake Wigand hakuitia alama hata moja, na mjomba alipomuuliza alijibu, "Mjomba, nani anawachora watoto wake usoni ili awatambue?" Mertin akamwambia, "Haya, kiburi si maungwana, utanikumbuka."

Alimkumbuka. Septemba ya mwaka 1388 abasia ilikitaka kile kiwanja ipitishe mfereji wa kinu, msimamizi wa ardhi akaja kusema kwamba kinachoweza kuungua ni mali ya mpangaji, akichukue aende nacho, lakini awe ameondoka kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martino, Novemba 11, na kila mtu hapa anajua kwamba ambaye paa lake halitoi moshi siku hiyo hana tena fungu msituni, wala malisho, wala neno barazani. Jirani Irmel, Mungu amrehemu, akawaachia kipande cha kilima alichokuwa amepanga kwa abasia, ingawa wengi walimwambia Wigand, "Nenda mjini bwana, ufundi wako utakulisha popote," naye akawajibu kwamba wazazi wake wamelala hapa na yeye haendi kokote.

Vigingi vikagongwa vikatoka, nyumba ikashuka, ng'ombe wenu wakaipandisha kilimani, na boriti zikalala kwenye nyasi zote zikifanana, kumbe mwaloni ulikuwa umekauka na kujipinda kila mmoja mahali pake, ulimi huu haulitaki tundu la ule. Waliunga ukuta wa upande wa mawio, boriti moja ikagoma, mvua inanyesha, mafundi wamechoka, mmoja akasema, "Upunguze ulimi kidogo tu, Wigand, unene wa ukucha, nani atajua?" Wigand akasema, "Upepo wa kwanza utajua," akaubomoa ukuta mzima, aanze upya.

Ndipo Jutta, aliyekuwa anawapikia, akautua upawa, akasema, "Baba Gele, wewe nyumba hii ulikuwa unalala tu, mimi ndiye niliyeshinda ndani, hii yenye masizi ilikaa juu ya moto, hii nilitundika mapaja ya nguruwe, tazama matundu ya kulabu, na hii Henne aliichokoachokoa kwa kisu alipougua surua, ni ya kitandani kwake." Wigand akacheka, tangu Septemba tulikuwa hatujamsikia, akasema, "Basi fundi mkuu ni wewe mama, toa amri," na dada yetu akaitoa, tena kwa sauti ambayo wengine wenu bado mnaiogopa.

Siku ya Mtakatifu Martino kuta zilikuwa fito tupu zisizokandikwa, paa limeezekwa nusu, na msimamizi akapanda kilima akasema, "Hii si nyumba, hili ni banda la kuku." Wigand akamjibu, "Kuku tuko ndani bwana, moshi unauona au huuoni?" Aliuona, na kijiji kizima kiliuona.

Kifua kilianza kumsumbua Kwaresima hii, akafariki alfajiri ya siku ya Mtakatifu Gregori, tarehe 12 Machi 1409, mikononi mwa Gele. Tunamshukuru mtawa Ansgar aliyeleta dawa zake usiku na mchana, tunawashukuru majirani mliokesha nasi, na mafundi wenzake mliomchongea jeneza la mwaloni mbichi, kama alivyoagiza.

Limebaki jambo moja. Desturi yetu nyumba iliyofiwa huzima moto mpaka maiti azikwe, na wapo walionong'ona asubuhi walipoona moshi unafuka juu ya paa letu, lakini jana abasia ilituma mtu kuuliza kama mjane ataweza kukiendesha kile kilima peke yake, na Jutta anawaomba radhi nyote, moto hakuuzima na hatauzima, asije mtu akasema paa hili halina moshi wala mwenyewe, na mzigo wa kuni ameubeba mwenyewe. Aliyetumwa tunamwona yuko nyuma pale karibu na lango, naye tunamkaribisha chakula baada ya mazishi, uji wa moto upo.

Pumzika kwa amani, Wigand, moto tunautunza sisi.