Mama Chaki na Majina Aliyoyapeleka kwa Mkono Wake

Alhamisi tarehe 9 Juni 2011, saa nne na dakika kumi asubuhi, Mama Chaki alisimama kwenye dirisha la masijala ya wizara na kukabidhi karatasi kumi na nne zenye majina ya watu mia nne na kumi na wawili. Karani alizigonga muhuri, akamwandikia risiti. Risiti hiyo ipo mpaka leo, kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti chake cha ndoa. Wengi mliokuja kumsindikiza, majina yenu yamo katika karatasi zile. Marehemu aliagiza kwamba wasifu wake usiiruke siku hiyo, na familia imetii.

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1949, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na karakana ya reli. Baba yake alikuwa mtunza geti la reli. Mama yake alishona sare za shule kwa cherehani ya mkono, na kwake ndiko binti alikojifunza kuigeuza nguo upande wa ndani kabla ya kuisifia upande wa nje.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957 hadi 1964. Alipokuwa darasa la nne alipewa alama zote katika hesabu, akainuka na daftari lake hadi mbele. "Mwalimu, la sita nimekosa," alisema. "Hapa umenipa bure." Mwalimu alipitia upya, akamkata alama, kisha akaliona kosa lile lile kwenye madaftari mengine tisa. Darasa zima lilimnunia hadi likizo. Wakirudi nyumbani dada yake mkubwa alimwambia, "Wewe na ukweli wako, iko siku mtaumiza watu." Dada huyo yupo hapa leo, na ameomba maneno hayo yasomwe. Masomo ya sekondari yalikatika mwaka 1966, baada ya miaka miwili, baba yao alipofariki. Mwaka uliofuata marehemu aliingia chuo cha ufundi na kusomea ukaguzi wa vitambaa.

Tarehe 8 Januari 1968 aliajiriwa na kiwanda cha nguo kuwa mkaguzi wa ubora. Alikaa hapo miaka thelathini na moja. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya meza ya kioo yenye taa chini yake, kitambaa kikipita juu ya mwanga, na kuzungushia chaki kila kasoro: uzi uliokatika, fundo, doa la grisi. Jora likiisha, mkaguzi aliandika jina lake kamili na idara yake kwenye pindo, kwa wino usiotoka hata kitambaa kikitiwa rangi. Kama mteja angelirudisha, jora lile lingepelekwa hadi kwenye meza ya mwenye jina, mbele ya watu wote, naye angelikagua tena. Marehemu alirudishiwa majora kumi na tisa katika utumishi wake wote, na kila moja alikumbuka lilirudi siku gani na kwa kosa gani.

Mfumaji mmoja, kijana mgeni kazini, aliwahi kumuuliza, "Dada, si muandike namba tu? Jina la nini na jasho lote hili?"

"Namba ukiiita haiitiki," alijibu. "Mimi nataka mtu aitike."

Hapo ndipo alipopewa jina la Mama Chaki, kabla hata hajawa mama wa mtu.

Mume wake alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda hicho hicho, mtu wa maneno machache na ovaroli chafu. Siku moja alipita karibu na meza ya ukaguzi. Marehemu alimvuta mkono, akalizungushia chaki doa la grisi lililokuwa kifuani pake, akasema, "Hili linarekebishika." Fundi alivaa ovaroli ile wiki nzima bila kuifua. Walifunga ndoa tarehe 22 Aprili 1972 na kujaliwa watoto wawili, binti na mvulana. Waliishi pamoja miaka thelathini na minne, hadi kifua kilipomchukua fundi mwezi Mei mwaka 2006.

Kiwanda kilifungwa tarehe 30 Septemba 1999. Wafanyakazi elfu moja na mia mbili walitoka kwa geti moja, mchana, wakiwa na vikombe vyao vya chai mkononi. Mitambo iling'olewa na kupakiwa kwenye malori. Katika jumba la kufumia pakawekwa marobota ya nguo zilizovaliwa na watu wa nchi nyingine. Marehemu alikwenda kuchungulia mara moja tu. Aliporudi alimwambia mumewe, "Meza yangu wameifanya meza ya chakula."

Mwaka 2003, katika sebule yake, watu saba waliokaa kwenye viti sita walianzisha vuguvugu walilolipa jina la Uchumi Ukue. Halikuwa chama, wala halikusimamisha mgombea popote. Lilidai mambo matatu: umeme usiokatika viwandani, pamba ya nchi isokotwe nchini, na uchumi wa taifa ukue kwa asilimia saba kila mwaka, takwimu zake zikitangazwa kwa lugha ambayo muuza mkaa anaielewa. Marehemu alichaguliwa mwenyekiti. Aliipenda ile saba kama watu wanavyopenda timu ya mpira. Alitembea nayo sokoni, kwenye vituo vya mabasi, kwenye milango ya viwanda zamu zikibadilishana, akieleza kwamba kwa mwendo huo nchi ingekuwa na mara mbili ya ilicho nacho ndani ya miaka kumi na kidogo.

"Mama, hiyo asilimia saba inaliwa na nini?" muuza nyanya alimuuliza, na soko likacheka.

"Inaliwa na nyanya zako. Mnunuzi wako wa juzi yuko wapi?"

"Kaachishwa kazi."

"Basi ndiyo hiyo."

Muuza nyanya akajiunga siku ile ile, na ndiye aliyewaleta wengine thelathini.

Kufikia mwaka 2011 vuguvugu lilikuwa na watu katika viwanda vya biskuti, sabuni, magodoro na chupa. Ikaamuliwa kwamba madai yapelekwe wizarani kwa maandishi. Kwenye mkutano wa mwisho mpiga chapa, aliyekuwa katibu, aliomba karatasi ziwe na majina matupu. "Mama, sehemu ya kazi tuiache," alisema. "Hawa watu wana mabosi."

Marehemu alisimama. Alieleza habari za jora na pindo. Alisema watu wa wizara wangeuliza hao mia nne ni akina nani, na kwamba mtu asiyesema anafanya kazi gani na wapi anaonekana kama hayupo. Mikono ilihesabiwa na hoja yake ikapita. Ikakubaliwa kila mtu aandike jina kamili, kiwanda na idara, kwa kalamu ya wino.

Kumi na wawili walisita. Aliwafuata majumbani, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alikuwa mfungasha biskuti, mama wa watoto wanne, ambaye alimwambia mlangoni, "Dada, mimi niache. Nitakuja mikutanoni, nitaimba, lakini niache." Marehemu hakuondoka. Alisema hata yeye aliogopa kuandika jina lake kwenye jora la kwanza. Walisimama pale hadi chungu kikaungua jikoni. Mfungasha biskuti alichukua kalamu, akaandika, akarudi ndani bila kuaga. Jina lake liko karatasi ya saba, mstari wa pili.

Tarehe 24 Juni, siku kumi na tano baada ya risiti, watu wanane wa kiwanda cha sabuni walipewa barua za kuachishwa kazi. Barua zilisema ni kupunguza wafanyakazi. Wiki iliyofuata ikawa magodoro, kisha biskuti. Msimamizi mmoja alikuwa na nakala ya karatasi mkononi wakati anawaita watu, wala hakuificha. Alisoma jina, akasoma idara, akaenda moja kwa moja mahali mtu alipo. Hakuhitaji kuuliza. Nakala zilitokaje wizarani, hakuna aliyewahi kujibu. Hadi mwisho wa Agosti walikuwa wamefukuzwa watu sitini na watatu. Marehemu hakuwa na kazi ya kufukuzwa. Alikuwa nyumbani, na barua za wenzake zililetwa kwake azione.

Mpiga chapa alifika na kukaa naye jioni nzima.

"Sema basi," marehemu alimwambia.

"Niseme nini, mama? Umeshajua."

Mikutano iliyokuwa ikijaza ukumbi wa watu tisini ilibaki na kumi na mmoja. Marehemu alijiuzulu uenyekiti Septemba, wanachama wakakataa, akakubali kubaki kwa sharti kwamba kuanzia siku hiyo vuguvugu lingehesabu watu bila kuandika jina la yeyote. Kisha akafanya lile aliloliona kuwa kazi yake. Aliandika majina sitini na matatu kwenye karatasi moja, akaanza kwenda kwa kila mmoja, kwa miguu. Alibisha hodi na kusema maneno yale yale: "Jina lako nililipeleka mimi. Nimekuja uniambie." Halafu alikaa, akasikiliza hadi mtu amalize. Hakujitetea, wala hakuomba asamehewe. Aliporudi nyumbani alilizungushia jina lile chaki.

Si wote waliompokea vizuri. Mmoja alimwaga maji ya kufulia miguuni pake. Fundi wa boila, aliyekuwa amehamia chumba kimoja na familia ya watu saba, alimwonyesha kona zote nne na kusema, "Umekuja kukagua, Mama Chaki? Kagua. Andika umepasisha." Mwingine alimpikia chai, wakanywa, wakazungumza habari za mvua, na alipokuwa anaondoka akamwambia, "Mimi sina la kusema, lakini usije tena." Kazi hiyo ilimchukua miaka minane. Alimaliza majina sitini na mawili.

Mfungasha biskuti hakumfungulia. Marehemu alikwenda mwaka 2013, akaenda 2016, akaenda tena 2019, akiwa tayari anatembelea fimbo.

"Nani?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Mimi, Mama Chaki."

"Andika nimehama."

Na marehemu alikaa kwenye kizingiti saa nzima, akasikia redio ndani, akasikia vyombo vikioshwa, akaondoka.

Saba hakuiacha. Kila miezi mitatu takwimu zilipotangazwa aliziandika kwa chaki kwenye ubao uliotundikwa nje ya nyumba yake: nne nukta sita, tano nukta moja, sita kasoro. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba uchumi umekua kwa asilimia saba nukta moja. Jirani alipiga vigelegele barabarani. "Mama Chaki! Imefika!"

"Imefika wapi?" marehemu aliuliza. "Kwako imefika?"

Jirani alitazama mlango wake mwenyewe, akacheka, akarudi ndani. Jumba la kufumia lilikuwa bado ghala la marobota. Marehemu aliiandika saba nukta moja ubaoni kwa sababu ilikuwa takwimu sahihi, na chini yake akaandika jina la kiwanda na tarehe kilipofungwa. Wanachama waliobaki walidai jambo la nne kuanzia mwaka huo: kila ukuaji unapotangazwa, zitajwe na ajira zilizopatikana.

Kikohozi kilianza Oktoba 2021. Machi mwaka uliofuata daktari alisema mapafu yamechakaa kwa vumbi la pamba la miaka mingi, na kwamba dawa zingempunguzia tabu tu. Alilazwa mara nne. Mara ya mwisho, tarehe 19 Julai 2023, aliomba asomewe karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda chake, akaisikiliza, akasema, "Hiyo si yangu. Huyo ana sukari." Ikaonekana kweli karatasi za vitanda viwili zimepishana. Binti yake, ambaye ni muuguzi katika wodi nyingine, anasema ndiyo siku pekee aliyomwona mama yake akitabasamu mwezi ule.

Siku mbili kabla ya kufariki alimkabidhi binti huyo karatasi ya majina sitini na matatu, la mfungasha biskuti peke yake likiwa halijazungushiwa chaki. Binti alimuuliza kama amwombee msamaha.

"Usiombe kitu," alisema marehemu, kwa pumzi fupi. "Mwambie aseme. Wewe kaa tu."

"Na akikataa kufungua?"

"Si umeona kizingiti? Kipana."

Alifariki Jumatano tarehe 2 Agosti 2023, saa tano na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne na miezi sita kasoro siku moja.

Ameacha watoto wawili, binti muuguzi na mwana fundi wa kuchomea vyuma, mkwe mmoja, wajukuu watano, dada yake mkubwa na mdogo wake wa mwisho, na wanachama ishirini na sita wa Uchumi Ukue, ambao wamechukua ubao wake na kuutundika nje ya nyumba ya mpiga chapa. Familia inawashukuru wauguzi, majirani, na wale miongoni mwa sitini na watatu waliofika leo. Mmeonekana.

Mungu amlaze pasipo vumbi, na ampe usingizi ambao hakuupata tangu Juni ile.

Jumatatu tarehe 7 Agosti, saa tatu asubuhi, binti yake atakwenda kubisha hodi kwa mfungasha biskuti.