Longi ya Kitanda cha Tisa

Wasikilizaji wapendwa, jioni njema kwenu mlio jikoni, mlio zizini, na nyinyi mlioketi kwa kinyozi mkisubiri zamu. Jumapili hii tunamkumbuka Dinah Nangila. Narudia jina: Dinah Nangila, Mama Viola, muuza mitumba wa soko la Misikhu. Alituacha Jumanne iliyopita, akiwa na miaka hamsini na saba. Tulimzika jana. Mimi ni Khisa wenu, na mnanijua kwa mzaha. Leo nimekasirika. Mzaha ukitoka, utatoka na miiba yake, mnivumilie.

Tuanze na nguo, maana mambo ya Dinah yote yalianza na nguo.

Mwaka wa tisini na mbili alikuwa na miaka ishirini na minne, anaishi upande wa Endebess. Yaliyotokea huko mwaka ule, kabila kwa kabila, wakubwa mnayakumbuka, na wadogo waulizeni wakubwa. Nyumba yao ilichomwa. Dinah akakimbia mashambani, akipenya ua moja baada ya jingine, mpaka gauni likaisha mwilini. Alifika Kitale mjini mchana kweupe, amejifunika gunia la mahindi. Alipita mbele ya watu aliosali nao. Walikuwa na haraka siku hiyo, kila mmoja na haraka yake.

Aliyemvuta mkono alikuwa mama wa Kihindi, Bindu, mke wa Prakash aliyekuwa na duka la vitambaa. Alimwingiza nyuma ya kaunta, akamvua gunia, akamvisha nguo zake mwenyewe: suruali pana ya Kihindi na kanzu ndefu ya rangi ya embe. Hakumuuliza wewe ni wa kabila gani. Alimuuliza kama inambana kwapani.

Dinah akatokea Misikhu kwa shangazi yake amevaa hivyo, na alivaa hivyo miezi miwili, kwa sababu hakuwa na kingine. Sokoni wakamwita Mhindi wa Misikhu. Nilipomuuliza baadaye kama ilimuuma, alinijibu hivi: "Nilichekwa, lakini nilichekwa nikiwa nimevaa. Kuchekwa umevaa ni afadhali kuliko kuhurumiwa ukiwa uchi."

Sasa, miaka sita iliyopita nilimwalika hapa studio. Tulikuwa na mjadala kuhusu mfano wa Msamaria mwema. Nilileta mhubiri, nikaleta mwalimu wa shule ya Jumapili, na Dinah nikamleta ili kuwe na mtu wa soko. Mhubiri alieleza vizuri sana. Mafuta ni Roho. Divai ni damu. Nyumba ya wageni ni kanisa. Hata punda alipewa maana. Dinah akainua mkono kama mtoto wa darasa la tatu.

"Khisa, huyo mtu alivuliwa nguo. Luka amesema. Sasa alipopona, alitoka kwa hiyo nyumba ya wageni amevaa nini?"

Mhubiri alifungua Biblia, akafunga. Mimi, kwa kuwa redio haipendi kimya, nikasema labda alitoka na shuka ya hoteli. Tukacheka. Dinah hakucheka.

"Wewe cheka, bana. Mimi niko na wanaume watano pale Kitale, na wote wamevaa shuka ya hospitali."

Ndipo tukajua kazi yake ya Alhamisi. Mtu akiumia barabarani, anafikishwa hospitali, na nguo zake zinakatwa kwa makasi ili daktari aone jeraha. Ni sawa, wanaokoa maisha. Lakini siku anaruhusiwa kwenda nyumbani, kama watu wake wako mbali na simu iliibwa, ataenda vipi? Kuna watu waliopona kabisa na bado wanakaa wadi kwa wiki, kwa kukosa longi, yaani suruali. Longi tu. Basi kila Alhamisi Dinah alifunga furushi na kwenda. Sista wa zamu alikuwa amempigia kumpa vipimo. Mwenye plasta au vyuma mguuni, Dinah alimfumulia mshono wa ubavuni, akashona kamba nne za kufunga, longi ikapita juu ya vyuma bila kumuumiza.

"Luka aliacha hapo wazi," aliniambia tukitoka studio. "Kwa hivyo hiyo sehemu ni yangu. Kuja siku moja uone."

Nikamwambia, Alhamisi ijayo, Mama Viola. Nilimwambia hivyo kwa miaka sita. Nilikuwa na haraka yangu.

Wasikilizaji wapendwa, sasa tuje kwa wiki hii.

Wiki tatu zilizopita lori la viazi lilianguka barabara ya Endebess. Lilikuwa limetoka Kinangop, mbali na huku kwetu. Watu walikuja na magunia, wakakusanya viazi. Utingo, kijana anayeitwa Gicheru, alikuwa amebanwa mguu pale pale, anawaangalia. Walimaliza viazi, wakachukua simu yake, na mmoja akamvua viatu. Sitawauliza kama mlikuwepo. Mnajijua. Baadaye kuna mwenye pikapiki aliyemfikisha hospitali Kitale, na huyo Mungu ambariki, sijapata jina lake. Gicheru akatiwa vyuma mguu wa kushoto, akalazwa kitanda cha tisa.

Dinah alimwona Alhamisi, siku tano kabla ya kufariki. Kiuno thelathini na nne, mguu wa kushoto ufumuliwe. Akamwahidi atarudi Alhamisi inayofuata na longi.

Jumanne Dinah alikuwa kwenye kibanda chake Misikhu, ameketi juu ya robota la nguo, anashona. Presha ikampanda. Jirani alidhani amesinzia. Viola, binti yake anayefanya kazi Kibabii, alipofika alikuta longi bado iko magotini pa mama. Kamba tatu zimeshonwa. Ya nne inaning'inia na sindano yake.

Kamati ya mazishi ikakaa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Wanyonyi, mtu anayeheshimika, na nia yake ilikuwa nzuri. Nasema hivyo ili tuelewane. Kamati iliamua kuwe na sare. Kitenge cha zambarau kwa akina mama, shati la kitenge hicho hicho kwa wanaume, na vijana wavae fulana yenye picha ya marehemu. Kila cherehani Misikhu ikaanza kulia. Watu wenye kabati zilizojaa walipimwa mabega, ili wamlilie vizuri mwanamke aliyewavisha watu wasio na kitu. Mimi pia nilipimwa. Shati langu lilinikaa vizuri.

Alhamisi simu ya Dinah ikalia. Ni Sista Lorna wa wadi, hana habari ya msiba. Viola akamweleza. Lorna akasema pole, kisha akaeleza kwamba Gicheru ameruhusiwa tangu Jumatatu, wanalala wawili kitanda kimoja, na tangu asubuhi anaangalia mlango.

Viola alishona kamba ya nne mwenyewe. Jioni akaenda mbele ya kamati. Ijumaa msafara ulikuwa unaenda Kitale kuchukua mwili uliohifadhiwa hospitali hiyo hiyo, na chumba cha maiti na wadi ziko ndani ya lango moja. Akaomba msafara usimame dakika tano apeleke hiyo nguo.

Mzee Wanyonyi alimjibu kwa upole. "Mwanangu, gari likishabeba marehemu halisimami. Watu watasema nini? Na huyo kijana, kwani ni wa nani kwetu?"

Watu wa kanisa tulikuwa wengi hapo. Yule mwanasheria aliyemjaribu Bwana aliuliza swali hilo hilo, jirani yangu ni nani, na mfano wote ukatokana nalo. Tunaujua kwa moyo tangu utotoni. Swali likaulizwa tena mbele yetu kwa Kiswahili safi, sisi tukaangalia chai.

Ijumaa tukaenda. Magari saba, na maua mbele. Tukapokea mwili, tukaomba, tukapakia jeneza, tukaanza kutoka. Viola alikuwa ndani ya gari la mwili, kwenye benchi lililo kando ya jeneza, na mfuko wa karatasi mapajani. Magari yakapita wadi ya wanaume polepole. La kwanza likapita. La pili likapita. Mimi nilikuwa la tatu, nimeketi dirishani, nimevaa shati langu la zambarau. Niliiona ile wadi. Nikapita.

Kisha nikasikia honi nyuma. Viola alikuwa amefungua mlango gari likitembea, akashuka, akaenda. Msafara ukakwama langoni. Ndipo mimi pia nikashuka, nikamfuata, nikiwa nimechelewa miaka sita na dakika mbili.

Gicheru alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, shuka kiunoni, mzee mwingine amelala nyuma yake. Alimwona Viola na akamfahamu kwa sura ya mama yake; ya msiba hakuwa ameambiwa.

"Mama ako wapi? Alisema Alhamisi."

"Ako nje kwa gari," Viola akasema. "Vaa."

Sijui kama alikosea kusema hivyo. Nadhani alitaka kijana avae kwanza. Akavaa. Zile kamba nne zilipita juu ya vyuma, akazifunga moja moja. Akachukua magongo, akatoka, na wasikilizaji wapendwa, alikwenda gari kwa gari. Aliinama kila dirisha kumtafuta Dinah. Watu wa sare walimwangalia. Wengine walikuwa na uso wa Dinah kwenye fulana, akautazama, akaendelea na dirisha lingine, hajaelewa. Mpaka Viola akamshika kiwiko, akampeleka gari la nyuma, akafungua mlango.

Alisimama hapo. Mkono wake ulikuwa kwenye ile kamba ya juu.

"Nilikuwa nataka tu kumwambia imenitosha," akasema.

Akaomba aje kuzika kabla ya kwenda kwao. Magari yakawa hayana nafasi. Magari saba, watu wa zambarau, hakuna nafasi. Mzee Wanyonyi akaeleza kwamba lile benchi la kando ya jeneza ni la damu ya marehemu peke yake.

Viola hakuinua sauti. "Mzee, nguo ya mwisho ambayo mama alishona ndiyo hii amevaa. Hiyo yako ni ya fundi. Tafadhali mpishe apande."

Gicheru akasafiri kutoka Kitale hadi Misikhu kando ya jeneza. Jana mhubiri alihubiri saa nzima juu ya Msamaria mwema, akaeleza mafuta, akaeleza divai. Gicheru alisikiliza akiwa amesimama kwa magongo nyuma ya hema, kwa sababu viti vya mbele vilikuwa vya sare. Nilimwachia changu, akakataa, akasema amelala vya kutosha. Leo asubuhi Viola alimpandisha gari la Kinangop.

Narudia, kwa aliyefungua redio sasa hivi: tunamkumbuka Dinah Nangila, muuza mitumba wa Misikhu, aliyefariki Jumanne na kuzikwa jana. Kwake Viola, kwa shangazi, na kwa soko zima, pokeeni pole zetu kutoka hapa Bungoma. Kwa Mama Bindu, ambaye naambiwa bado yuko Kitale na macho hayaoni vizuri: yule msichana wa gunia amelala salama, mama.

Nanyi wengine, leo mkifungua kabati, simameni kidogo mbele yake. Hizo sare za zambarau hatutazivaa tena. Nimempigia Sista Lorna kabla ya kuingia hewani, amenipa vipimo, andikeni. Alhamisi tunapeleka, mimi na Viola. Najua mmeshanisikia nikisema Alhamisi. Safari hii Viola atanipitia hapa mlangoni saa mbili asubuhi, na ameniambia hatapiga honi mara mbili.

Kitanda cha tatu, kiuno thelathini na mbili, plasta mguu wa kulia, mfumue mshono. Kitanda cha sita, thelathini na nane, mrefu. Kitanda cha tisa kina yule mzee sasa, peke yake, kiuno thelathini, na anaomba sweta. Kitanda cha kumi na moja bado hawezi kusema jina lake, wala ametoka wapi, wala ni wa nani. Kiuno chake ni thelathini na sita.