Hotuba ya Gurudumu Kubwa

Ndani ya basi la abiria lililoturudisha sisi wanafunzi shuleni, kinyozi mmoja alimlilia mama mshonaji aliyeketi kando yake. "Mama, wamelitengeneza gurudumu kubwa la bustani ya michezo, lile la kupandisha watu juu! Halikwami tena kule juu dakika ishirini." Nilivua kofia kwa heshima ya msiba. "Si afadhali?" mshonaji akauliza. "Afadhali gani? Kesho nampandisha mpenzi wangu nimwombe tuoane. Hotuba yangu ni dakika ishirini. Tutafika chini kabla sijamaliza ukoo wa baba!"

"Mwambie tu unampenda, mwanangu."

"Hilo liko mwishoni." Akakunjua karatasi saba. "Hebu sikiliza. Kwanza kabisa, babu yangu mzaa baba..."

Basi likasimama. Mshonaji akashuka mbio langoni mwa shule yetu, mahali ambapo hata sisi wenyewe hatushuki kwa hiari.