Mwandishi Aliyefungiwa Chini ya Posta

Ndugu waombolezaji, mzee wetu, ambaye wengi mlimwita Mzee Nukta, alizaliwa tarehe 12 Agosti 1944, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akaanza shule mwaka 1952 na kumaliza sekondari mwaka 1963, ambako, kwa ushuhuda wa shangazi aliyeketi hapa mbele, alifeli hesabu mara mbili na wala hakuona haya.

Mwaka 1966 aliajiriwa gazetini, na tarehe 3 Juni 1972 akafunga ndoa na mpiga chapa wa chumba cha habari, mama yetu, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea habari kwa simu, kuzipiga chapa, kisha kumsomea mwandishi upya neno kwa neno, naye baba akiridhika husema "nukta", na jina likamganda.

Vita vilipozuka, Februari 1974, alitumwa mji wa mpakani kwa wiki moja tu, adui akauzingira, naye akanasa kwenye chumba cha simu chini ya jengo la posta, akituma habari huku afisa wa jeshi akisikiliza kando yake kila neno analotamka, na mambo ya nyumbani yakiwa marufuku, ilhali alimwacha mkewe mjamzito na hakujua kama amejifungua salama au amemzika mtoto.

Mama, akiwa bado kwenye uzazi, alimwachia bibi mtoto akarudi kazini, watu wakamsema weee mpaka wakachoka, na siku alipokuwa akisoma upya habari ya mgao wa maji, akachomeka kwa sauti ileile kavu, "Mtoto wa kike amezaliwa salama." Baba akajibu, "Sahihi. Nukta."

Sasa, katika chumba cha habari kilichosomwa na kukubaliwa hakikuguswa na mtu, hivyo msahihishaji aliyesikiliza kando alidhani mama ameruka mstari alipopiga chapa, akauongeza kwa kalamu, na kesho yake gazeti likatoka na mtoto katikati ya mapipa ya maji. Afisa, aliposomewa gazeti hilo kwa simu, aliapa kwamba huo ni ujumbe wa siri kwa adui, baba akafungiwa peke yake kwenye stoo ya magunia ya barua, isiyo na dirisha, hadi mzingiro ulipovunjwa tarehe 19 Septemba, akarudi nyumbani na kunikuta mimi, ninayewasomea, nikitambaa.

Walijaliwa watoto wengine wawili, akapanda hadi kuwa mhariri, akastaafu mwaka 1999, lakini hakulala tena penye mlango uliofungwa, nasi tulikulia katika nyumba isiyofungwa mlango hata mmoja, ambayo ukienda kuoga sharti uimbe, la sivyo mtu ataingia.

Aliugua mapafu tangu 2019, akafariki tarehe 8 Julai 2021, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliokisogeza kitanda chake karibu na mlango, majirani waliokesha nasi, na wenzake wa gazetini.

Tunamshukuru pia seremala wa jeneza kwa subira, maana tangu asubuhi mnaulizana kwa nini sanduku halijafungwa, na aliyekataa ni mimi, kwa kuwa baba alifungiwa kwa ajili ya kuzaliwa kwangu, na mkono wangu ulikuwa mzito. Mama amesema nifunge mimi mwenyewe. Kwaheri baba, pumzika kwa amani, safari hii anayekufungia anakupenda.