Nilimwandika Baba Yangu Bila Kumuuliza

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, shikamooni. Nanyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoroka, hamjambo, na leo hamtoroki. Mchungaji amenipa dakika kumi. Amenionya nisimtaje mtu kwa jina na nimekubali, ingawa kuna watu humu ndani ningewataja kwa furaha kabisa. Msicheke, nasema kweli.

Mnanijua. Mimi ndiye yule msichana wa hapa Kituntu aliyesomea Kiingereza akapata wazimu. Si ndivyo mlivyosema? Mlisema sokoni, mlisema kwenye mizani ya kahawa, hata msibani mlisema huku mmeshika sahani za wafiwa. Basi leo nieleze mwenyewe, maana habari zangu mmezizungusha vya kutosha na kila mmoja kaongeza chumvi yake.

Nilipomaliza kidato cha sita nilichagua kusoma vitu viwili kwa pamoja chuo kikuu. Fasihi ya Kiingereza, yaani riwaya, tamthilia na mashairi, na saikolojia, yaani elimu ya akili na tabia za watu. Baba mdogo wangu mmoja aliniuliza mbele ya wageni, "Sasa binti, ukimaliza atakuajiri nani, wazungu au vichaa?" Watu walicheka wakashika mbavu. Nikamjibu, "Baba mdogo, nitaanza na wewe." Mama alinikata jicho hilo! Lakini baba yangu hakucheka. Alisema tu, "Mwacheni. Kichwa ni chake." Baba si mtu wa maneno mengi, kwa hiyo hayo machache niliondoka nayo.

Chuoni nilikuwa kama mtoto wa mama wawili wasiosalimiana. Nikienda kwenye fasihi nikasema mhusika huyu ana ugonjwa fulani wa akili, mwalimu ananiambia, "Huyo si mgonjwa wako. Msome." Nikienda kwenye saikolojia nikaeleza habari za mtu vizuri, mwalimu mwingine ananiambia, "Hapa hatusimulii hadithi. Taja dalili." Vipindi vinagongana, nakimbia kutoka jengo hili kwenda lile na jasho linanitoka. Na nilipenda! Niseme wazi, nilipenda vyote viwili na sikuona kwa nini nichague.

Mwaka wa pili, mnyauko ukaingia kwetu. Nani hapa asiyeujua mnyauko? Majani yanakuwa ya njano, ndizi inaiva kabla ya wakati, ukiikata ndani imeoza. Afisa ugani akaja, akasema kibanja chote king'olewe, shamba zima la migomba. Kibanja cha babu, ndugu zangu, ambacho baba amezaliwa ndani yake. Baba alikata migomba kwa mkono wake mwenyewe, akaifukia, na alipomaliza alichukua kigoda akakaa nyuma ya nyumba akitazama kule ilikokuwa. Akawa anakaa hapo kila siku. Amevaa gambuti, hata Jumapili, na hana shamba la kwenda. Kanisani akaacha kuja. Chakula anakigusa anakiacha. Nilipokuja likizo nilimwona hivyo wiki nzima. Nikamwandalia chai, nikarudi chuoni.

Huko mwalimu wa saikolojia akatupa kazi. Andika kuhusu mtu mmoja unayemfahamu mwenye dalili za sonona. Sonona ni huzuni inayomkalia mtu mpaka inakuwa ugonjwa. Akasema ficha jina, ficha mahali, mtu asitambulike.

Mnaona ninakokwenda. Jina nilificha. Kijiji nilificha. Lakini mkono ulikuwa umeshanogewa na riwaya, nikaandika gambuti za Jumapili, nikaandika kigoda chenye mguu uliofungwa waya, nikaandika anavyokohoa kidogo kabla ya kusema hapana. Ndugu zangu, nawaambia, jina nililificha, mtu nikamwacha uchi.

Mwalimu aliisoma kazi yangu mbele ya darasa zima. Akasema hajapata kusoma nzuri kama hiyo kutoka kwa mwanafunzi. Mimi kichwa kikavimba! Sikuwaza kwamba mle darasani kulikuwa na mtoto wa huku kwetu, anayeijua nyumba yetu na anakijua kile kigoda. Karatasi ilipozungushwa akaipiga picha kwa simu, akairusha kwenye kundi la vijana wa nyumbani. Labda hakuwa na nia mbaya, sijui, na siku hizi sina haja ya kujua. Jumamosi habari ilikuwa imeshafika kwenye mizani ya kahawa. Na ilipofika haikuwa Kiingereza tena. Ilikuwa hivi: "Binti yake amemwandika chuo kikuu kwamba ni kichaa, na wazungu wanamsoma huko."

Baba alikuwa kwenye foleni, na gunia la kahawa ya miti michache iliyobaki. Mama aliniambia kwenye simu, "Amerudi na gunia lake vilevile, hakupima. Umefanya nini wewe mtoto?" Nikaomba kuongea naye. Nilimsikia akikohoa kwa mbali. Halafu mama akanipa ujumbe: "Anasema jina lake usilitumie tena. Na hapa nyumbani usije kwanza."

Hapo nikaanguka. Sina neno zuri zaidi la kusema. Niliacha vipindi. Mchana nalala, nywele sizichani, mtihani ukafika nikiwa nimegeukia ukutani. Na kilichonitesa ni kwamba dalili zote nazijua kwa mpangilio, kwa sababu niliziandika mwenyewe na kupewa alama. Mwenzangu wa chumba ndiye aliyenishika mkono akanipeleka ofisini kwa mlezi wa wanafunzi. Wakaniruhusu niahirishe mwaka. Afisa mmoja pale akanishauri, "Ukirudi acha somo moja. Haya mawili yanakuchanganya." Nikaitikia kwa kichwa tu. Siku ile hata ningepewa jina jipya ningelikubali.

Nyumbani nimekatazwa, nikaenda Nyakasimbi kwa shangazi, dada yake baba. Shangazi hakuniuliza kitu. Alinitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Waitu, umekonda. Jembe lile pale." Nikalima maharage. Nikachuma kahawa. Siku nilizoshindwa kuamka alikuja kukaa kitandani kwangu akichambua mboga zake. Halafu wakaja akina mama watatu, sitaji wa wapi, kunitoa pepo la Kiingereza. Waliomba, wakapiga makofi, wakaniwekea mikono kichwani. Nikawaambia, "Mama zangu, pepo lenyewe halijui Kinyambo chetu, mnajichosha bure." Shangazi alitoka nje kwenda kucheka. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanya utani baada ya miezi mingi, na wao wakaenda kutangaza kwamba nimezidiwa.

Mchana mmoja tuko uani na shangazi tunapepeta maharage, pikipiki ikasimama. Akashuka baba. Nikapiga magoti palepale. "Shikamoo, Tata." Alitoa karatasi mfukoni mwa koti, imekunjwa mpaka imechakaa, akanipa. Kuna mtu alikuwa amemchapia ile kazi yangu.

"Nisomee," akasema.

"Tata, nisamehe."

"Sijaja kwa habari ya msamaha. Nisomee, nijue walichosoma."

Nikakaa juu ya gunia, nikamsomea. Sentensi moja kwa Kiingereza, kisha naigeuza Kinyambo. Nilipofika kwenye sonona neno likanikosa, nikasema, "Moyo umelala chini ukakataa kuinuka." Shangazi akaacha kupepeta. Nikasoma gambuti, nikasoma kigoda, nikasoma mpaka mwisho pale nilipoandika kwamba mzee huyu anaomboleza migomba ya baba yake.

Baba alikohoa. "Gambuti ni kweli," akasema. "Kigoda ni kweli. Hiyo sababu si kweli. Nani alikuambia?"

"Hakuna, Tata. Nilikisia."

"Uliniuliza?"

"Hapana."

Sasa subirini. Kinachofuata si changu, ni cha baba yangu. Jana nilimuuliza, nikiseme au nikiruke? Akasema nikiseme. Yule pale amekaa, mstari wa tatu, kama nazua mtaniambia.

Baba alituambia kwamba kabla afisa ugani hajafika kwetu, yeye alikuwa ameshauona ugonjwa. Migomba mitatu. Akaikata kimyakimya akaifukia, akaona aibu kumwambia mtu. Wiki hiyohiyo jirani yetu akamwomba amsaidie kupogolea majani. Baba akachukua panga lilelile akaenda. Mkutanoni walishafundishwa kwamba panga lililogusa mgomba mgonjwa lazima lipitishwe motoni, na yeye alikuwepo. Akajiambia ni majani tu. Haikuchukua muda, kibanja cha jirani kikaisha chote, na mke wa jirani akalia kwa sauti ya msiba, mpaka kwetu ikasikika. "Ndipo nikachukua kigoda," baba akasema. "Nilikuwa natazama kwa jirani. Wewe ukaandika natazama kwangu."

Mungu wangu! Nilikuwa nimekaa nyumbani wiki nzima na mtu huyu. Nilihesabu dalili zake, nikaona waya kwenye mguu wa kigoda, na sikumuuliza hata mara moja, "Tata, unatazama nini?" Nililia kwa hasira, siyo kwa huzuni. Nilijikasirikia.

Baba akasema, "Sasa andika sawasawa."

Nikamwambia, "Hapana."

Shangazi akashika mdomo. Kwetu binti hamwambii baba yake hapana akiwa amekaa juu ya gunia. Lakini nilisimama, nikasema, "Tata, siandiki tena neno lolote mpaka aliyeharibikiwa alisikie kutoka kwako. Na nitakwenda nawe. Na tukitoka huko, tunakwenda hospitali, kwa sababu kigoda hicho kimekula nyama yako yote." Halafu akamwambia dada yake, "Huyu amesoma kweli." Nikafungasha nguo zangu, nikarudi nyumbani naye.

Tulikwenda kwa jirani Jumapili iliyofuata. Baba alisema yote akiwa amesimama, kofia mkononi. Jirani hakutukaribisha kahawa wala viti. Alisema, "Tokeni." Tukatoka. Msifikiri mambo haya huisha kwa kukumbatiana. Miezi ilipita akikutana na baba njiani anatazama pembeni. Kisha siku moja akaja mwenyewe, akasimama uani kwetu, akasema, "Nilikuwa najua ni panga lako. Kilichoniuma ni kwamba ulikuwa unanitazama kila siku na husemi." Akakaa. Mama akaleta kahawa. Siku hizi wamepanda migomba mipya, na kabla ya kukata jani lolote wanawasha moto kwanza, wazee wawili wamechuchumaa wanachoma mapanga na kubishana.

Na hospitali tulikwenda. Daktari alimsikiliza, akampa dawa, akampangia siku za kurudi, na nilimsindikiza baba kila mara mpaka nikarudi chuo. Nalisema hili kwa sauti ili mtu asitoke hapa akidai kwamba kuungama peke yake kulitosha. Alianza kula. Akaanza kulala. Gambuti akazivua.

Chuoni yule afisa akanikumbuka. "Haya, unaacha lipi?" Nikamwambia siachi hata moja. Akasema nitaanguka tena. Nikamwambia, nikianguka nitaamka, njia naijua. Fasihi ilinifundisha kumwona mtu mpaka gambuti zake. Saikolojia ilinifundisha kwamba kukaa vile ni ugonjwa, na ugonjwa hutibiwa. Kuuliza hakuna aliyenifundisha, hilo nililipata Nyakasimbi, nikiwa nimechelewa. Nilisoma yote mawili, vipindi vikigongana vilevile, nikamaliza. Leo nafundisha Kiingereza sekondari moja kule Kyerwa, na ndimi mlezi wa wanafunzi wenye matatizo. Wananijia na mambo mazito. Kwanza nauliza, kisha nanyamaza mpaka wamalize, na siandiki chochote ambacho hawajaniruhusu.

Namshukuru mama, aliyebeba ujumbe mgumu kati ya watu wawili wakaidi. Namshukuru mwenzangu wa chumba, aliyenivuta nikiwa sitaki. Shangazi, asante kwa jembe, na asante zaidi kwa zile asubuhi ulizokaa kitandani kwangu. Jirani yetu, asante kwa kuja uani. Wale akina mama watatu, nanyi asanteni, mlitembea mbali kwa ajili yangu japo mlikosea ugonjwa.

Ninachowaachia ni hiki. Ukimwona mtu amebadilika, ameacha kula, ameacha kuja kanisani, anakaa mahali pamoja kutwa nzima, usimpe jina. Nenda kakae karibu naye umuulize anatazama nini, na usubiri jibu hata likichelewa. Akihitaji hospitali mpeleke, hakuna aibu. Na mwanao akichagua masomo msiyoyaelewa, muulizeni kwa nini kabla ya kumcheka mbele ya wageni.

Tata, kaa, bado kidogo namalizia.

Nilimkosea baba yangu, na kosa langu nimelisema mbele yenu wote. Sasa zamu yenu. Mwenye kutaka kumwita baba yangu kichaa asimame sasa hivi, amtazame usoni, amwite. Sina haraka, nasubiri.

Hayupo?

Basi hata huko nje asiwepo.